Biri Zisizovutika

Siku serikali ilipozifunga mashine, Alwine Sundermann alilia mbele za watu, naye si mtu wa kulialia. Maofisa wawili waliingia kiwandani asubuhi, wakazizunguka mashine zote sita za kutengeneza biri, wakazikaza waya na kuzitia lakiri za madini ya risasi zisiwashwe tena, wakaenda zao. Amri ilikuwa imetoka juu kabisa: kuanzia sasa biri zitengenezwe kwa mikono, ili watu wapate kazi. Mashine hizo hizo ndizo zilizowatupa nje Alwine na mumewe Gottlieb miaka mitatu kabla, wakaiacha meza yao ya dirishani waliyoikalia miaka kumi na sita. Sasa zilikuwa zimefungwa kama mbwa wakali. Mwache alie!

Tena ujue, meza ya biri ni ya watu wawili. Mmoja ni mfunga kiini. Yeye hukusanya majani ya ndani kiganjani, huyapanga, huyazungushia jani moja la kuyashika, kisha hukilaza kiini chake kwenye kalibu ya mbao. Mwenzake ni msokotaji, anayekivalisha kiini jani la juu, lile jembamba laini ambalo mvutaji analiona. Sifa zote huenda kwa msokotaji. Zamani hata daftari la kiwanda lilimjua msokotaji peke yake. Mfunga kiini alikuwa mtu wake, mara nyingi mkewe, anakuja naye asubuhi na kulipwa kutoka mfukoni mwake, na mwenye kiwanda hana habari anaitwa nani. Katika mji wao, huko Westfalia, Ujerumani, ndivyo watu walivyoishi tangu enzi za babu zao. Gottlieb alisokota, Alwine akafunga, na hakuna aliyewahi kurudisha biri yao hata moja.

Basi walidhani meza yao inarudi. Thubutu! Wiki moja kabla ya mashine kufungwa, ofisi ya kazi ilikuwa imetakiwa kutoa majina mia mbili ya kwenda kuchimba barabara huko kwenye mabwawa ya matope, kwa sepetu, maana mashine za kuchimba nazo zilikatazwa. Bwana Pohlmann, mkuu wa ofisi ile, alihesabu majina mia mbili kama mtu anayehesabu viazi, na Gottlieb akawamo. Alipokwenda kusema kwamba yeye ni msokotaji na kiwanda kinamtaka, Pohlmann hakuinua hata macho.

"Wewe tayari una kazi."

"Kazi gani, bwana? Mimi sijashika sepetu tangu nizaliwe."

"Utaishika. Na ukiikimbia, usije hapa kuomba hata kipande cha mkate."

Akaenda. Alilala kwenye vibanda vya mbao huko huko, akaja nyumbani Jumamosi moja kati ya mbili. Mshahara wake haukuzidi sana ile posho aliyokuwa akipata alipokaa bure, lakini kwenye karatasi za Pohlmann alikuwa mtu mwenye ajira, na karatasi ilifurahi. Alwine yeye alipata nafasi kiwandani, akawekwa amfungie viini Ottilie, mjane wa miaka sitini mwenye vidole vya malaika na mdomo wa kuchomea mabati. Safari hii kila mtu aliandikwa kivyake, wafunga viini na wasokotaji, maana serikali ilitaka majina, majina, majina.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Gottlieb alikuja nyumbani, akala mkate wake wa viazi uliokaangwa, kisha akasema, "Nipe jani."

Alwine alikuwa na jani la juu, lililopasuka kidogo pembeni, alilokuja nalo katika aproni. Alilinyoosha juu ya meza. Gottlieb akaliinua kwa ncha za vidole, kama alivyoinua majani maelfu kwa maelfu, na jani likachanika katikati. Sugu zake zilikuwa zimekuwa ngumu kama kwato. Alijaribu kipande kilichobaki, nacho kikachanika.

"Silisikii," alisema. "Alwine, sisikii kitu. Ni kama nimevaa glavu."

"Zitalainika."

"Mwaka mmoja zaidi kule, hazitalainika tena. Nitakufa mchimbaji."

Alwine hakulia safari hii. Alichukua mafuta ya bata, akamkanda mikono mpaka moto ukazimika jikoni, na moyoni akakata kauli: huyu mtu nitamrudisha mezani kwangu kabla vidole havijafa, wapende wasipende. Angefanyaje, hakujua.

Na mambo yakazidi kuharibika. Mwezi wa nne ikaja barua. Mwanamke ambaye mumewe ana kazi anakula riziki ya watu wawili. Kwa hiyo ampishe mwanamume asiye na kazi. Wanawake kumi na mmoja kwenye meza za viini wakaambiwa warudi majikoni. Alwine akawa wa kumi na mbili.

"Mume wangu ana kazi mliyompa kwa nguvu," alimwambia Pohlmann, "na sasa mnaninyang'anya yangu kwa sababu anayo?"

"Ni mpango, Bi Sundermann. Wanaume kumi na wawili wanatoka kwenye orodha yangu."

"Na sisi kumi na wawili tunaingia orodha gani?"

"Hamwingii popote. Mama wa nyumbani hahesabiwi." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayempa zawadi.

Wakapewa siku tatu kuwafundisha wageni. Siku tatu! Alwine alijifunza kwa mama yake miaka mitatu, na bado alipigwa vikofi vya mikono mwaka wa nne. Lakini kwa Pohlmann kiini kilikuwa takataka za ndani, zimefunikwa, nani anaziona? Msokotaji ndiye fundi, huyo alimwacha. Kiini hata mtoto angefunga.

Aliyeangukia kwa Alwine alikuwa Ewald, mwashi, mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu na heshima zake. Hakuwa na kazi tangu mabenki yalipoanguka.

"Usikaze," Alwine alimwambia. "Moshi unataka njia. Majani yalale yakielekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Bonyeza kidogo, uliza kidole chako, kisha acha."

"Kidole changu hakijibu, mama. Mimi nimezoea tofali. Tofali usipolibana linakuangukia."

"Hili ukilibana linakufa."

"Naona," alisema Ewald, akakitazama kiini chake, kigumu kama mguu wa kiti. "Bi Alwine, nisamehe. Sikuiomba nafasi yako. Waliniambia nisipokuja wananifuta."

"Najua, baba. Fanya unavyoweza."

Ottilie, upande wa pili wa meza, alikipima kile kiini kwa vidole viwili. "Hiki nikimpiga nacho fahali kichwani, analala," alisema. Ewald akacheka mpaka machozi, maskini, na Alwine naye akacheka ijapokuwa moyo ulikuwa umemvimba. Siku ya tatu jioni alivua aproni yake, akaikunja, akatoka. Pale karibu na mlango kulikuwa na kiti kirefu kitupu. Zamani alikikalia Lorenz, msomaji wao, aliyewasomea magazeti na vitabu huku wao wakifanya kazi, nao wakimgawia biri zao kwa zamu ili asikose mshahara. Mwaka uliopita, meza ziliporudi, Lorenz naye alirudi, akatoa mzaha mmoja tu kuhusu wakubwa. Wakaja kumchukua, na mpaka leo hajarudi. Mahali pake paliwekwa redio.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita, wilaya ikatangazwa kuwa haina tena mtu hata mmoja asiye na kazi. Sherehe ikafanywa uani mwa kiwanda, kwa bendera, tarumbeta na bia. Alikuja Bwana Quante, mkuu wa wilaya wa Chama kilichotawala nchi, tumbo mbele, buti zinang'aa. Wanawake kumi na wawili nao waliitwa. Walipangwa mstari mmoja mbele ya jukwaa, kila mmoja na aproni ya jikoni na shada la maua, na Pohlmann akawataja kuwa ni akina mama waliorudi majikoni kwa hiari yao. Kwa hiari! Alwine alilishika shada lake kama mtu anayemkaba kuku.

Quante alihutubia saa nzima. Akasema taifa sasa linafanya kazi kwa mikono yake lenyewe. Akasema masanduku arobaini ya biri za wilaya hii yatapelekwa mji mkuu mwisho wa mwezi, zawadi kwa wakubwa wa Chama, na kila sanduku litakuwa na jina lake yeye, Quante. Kisha akaletewa la kwanza. Akachagua biri moja, nzuri ajabu, imesokotwa na Ottilie mwenyewe, inang'aa kama kiatu kipya. Akaikata ncha, akaiwasha, akavuta.

Hakuna kilichotoka. Akavuta tena. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje. Moto ukazima. Akaiwasha upya, akavuta mpaka shingo ikapanda rangi, na ule mdomo uliokuwa ukinguruma saa nzima sasa ukawa unanyonya tu, kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Akaitupa. Akachukua ya pili. Ya pili ikawa ndugu ya ile ya kwanza. Ya tatu akaivuta nusu dakika nzima, na watu mia tatu uani wakatazama viatu vyao, kila mtu akiuma ulimi, maana kila mtu alikikumbuka kiti cha Lorenz.

Ndipo Ottilie akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, kidogo, lakini pale palikuwa kimya hata nzi angesikika.

"Nani anacheka?" Quante alishuka jukwaani. "Nani anacheka hapa?"

Ottilie alikuwa amegeuka mweupe. Bibi wa miaka sitini, hana mume, hana mtoto. Alwine hakufikiri. Kama angefikiri angebaki palepale na maua yake. Alijikuta amepiga hatua mbili mbele.

"Hakuna anayemcheka mtu, bwana mkuu. Tunaicheka biri."

"Hii ni hujuma!" Quante aliitikisa biri. "Nani amezifunga hizi?"

Ewald, mtu mkubwa yule, alisogea mbele. Alifungua mdomo, pengine akiri. Alwine akamwahi.

"Si hujuma. Naomba hiyo." Akaichukua biri mkononi mwa mkuu wa wilaya, jamani, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akatoa kisu chake kidogo mfukoni, akaipasua kwa urefu. "Ona mwenyewe. Majani yamekaa shaghala baghala na yamebanwa kama ukuta. Aliyeyafunga ni mwashi, bwana. Anajenga ukuta mzuri sana. Amepewa siku tatu kujifunza kazi ya miaka mitatu. Wewe ukipewa siku tatu upige tarumbeta ile, tutaucheza wimbo wako?"

Mpiga tarumbeta mmoja alikohoa. Pohlmann alikuwa kama mtu aliyeona maiti yake mwenyewe.

"Na wewe unajua?" Quante aliuliza.

"Leteni meza."

Msimamizi wa kiwanda aliileta mwenyewe, mbio, pamoja na majani na kalibu. Alwine aliweka maua chini. Miezi miwili hajagusa tumbaku, lakini vidole vilikwenda vyenyewe: hili hapa, hili hapa, lile refu katikati, bonyeza, uliza, acha. Ottilie akaja upande wa pili, akakipokea kiini na kukivalisha jani. Hawakusubiri hata kikauke kwenye kalibu. Quante akaikata, akaiwasha, akavuta mara moja.

Moshi ukatoka, wa buluu, mnene, ukapanda juu ya bendera. Uani pakalipuka. Watu walishangilia kwa nguvu ambazo Quante hakuzipata katika hotuba yake yote, naye, kwa vile alidhani wanamshangilia yeye, akatabasamu na kupunga mkono. Alwine aliona hivyo, akajua mlango umefunguka, na asipoingia sasa utafungwa.

Quante akamvuta Pohlmann pembeni, karibu na meza. "Masanduku arobaini," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka wanicheke mpaka Berlin? Rudisha wanawake hawa kesho."

"Bwana mkuu, haiwezekani." Jasho lilimtiririka Pohlmann. "Nimeshapiga simu ya maandishi. Hakuna asiye na kazi, hakuna nyumba yenye riziki mbili. Wakiandikwa wao, wale wanaume kumi na wawili wanarudi kwenye orodha. Na hesabu imeshafika juu."

Wakatazamana, wakubwa wawili, wamenaswa na karatasi yao wenyewe. Alwine akasafisha kisu chake kwa aproni.

"Msituandike," alisema.

"Unasemaje?"

"Zamani mfunga kiini hakuandikwa. Aliandikwa msokotaji, na mkewe akakaa naye mezani, basi. Mimi ni mama wa nyumbani, sihesabiwi. Bwana Pohlmann mwenyewe kaniambia. Sasa mama wa nyumbani akimsaidia mumewe, nyumba ina riziki ngapi? Moja."

"Lakini mumeo yuko barabarani," alisema Pohlmann.

"Ndiyo. Mrudishe, na Ewald aende kule. Ewald!" aliita. "Huko mabwawani wanajenga nini juu ya mito?"

"Madaraja, mama," Ewald alijibu kwa mbali, na uso wake ukaanza kuelewa. "Ya mawe."

"Na nani anayejenga sasa?"

"Nasikia wasokotaji biri."

Hata Quante alikohoa moshi. Alwine akaendelea kabla mtu hajamkatiza. "Mmoja aende, mmoja aje. Hesabu yako haiguswi hata kidogo, Bwana Pohlmann. Na hawa wenzangu kumi na mmoja, waume zao wako huko huko na sepetu, na wote ni wasokotaji. Wewe ndiye uliyewapeleka. Wabadilishe wote."

"Na nikikataa?" aliuliza Pohlmann. "Nikikuamuru ukae mezani peke yako?"

"Nitakaa, bwana. Lakini mimi mikono yangu imezoea kumfungia Gottlieb. Nikimfungia mtu mwingine, nahofia nitakaza."

Quante aliitazama biri yake, iliyokuwa ikiungua vizuri, jivu jeupe limesimama. Akamtazama huyu mwanamke wa aproni. Hakuwa mtu wa huruma, tusidanganyane. Aliziona tu sura za wakubwa wa mji mkuu wakinyonya biri zenye jina lake.

"Fanya," alimwambia Pohlmann.

Gottlieb alishuka kwenye treni Jumatatu, mfuko begani, haamini. Alwine alikuwa amemsubiri stesheni tangu alfajiri. Alimshika mkono akaugeuza, akazitazama sugu, kisha akambusu kiganjani mbele ya mkuu wa stesheni na abiria wote. Gottlieb akawa mwekundu kama mvulana.

"Wanatuona, mwanamke!"

"Waone."

Wiki mbili za kwanza Gottlieb alichana majani mengi kuliko aliyosokota. Ottilie, ambaye kama wajane wenzake wasokotaji alimleta ndugu wa kumfungia viini, mke wa marehemu kaka yake, alimtania bila kuchoka. "Gottlieb, hiyo ni biri au umemfunga mgonjwa bendeji?" Kila usiku mafuta ya bata. Kila asubuhi Alwine alimpa kiini kilicholala sawasawa, akamngoja, hakumharakisha. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Gottlieb alinyanyua jani jembamba kuliko yote, akalizungusha kutoka ncha hadi ncha bila kukunja uso, akasimama ghafla na kulitazama.

"Nimelisikia," alisema. "Alwine, nimelisikia jani."

Sasa ndipo alipolia, yeye, mwanamume mzima, na meza zote zikanyamaza kumwachia nafasi. Kisha mtu mmoja, hawakumtaja nani, akaipunguza redio. Mwingine akachukua biri moja kutoka kwenye kalibu yake na kuiweka juu ya kile kiti kirefu karibu na mlango. Mwingine akaongeza ya pili. Mpaka kengele ya mchana zilikuwa biri ishirini na nne, akiba ya Lorenz atakaporudi.

Mwisho wa mwezi, masanduku arobaini yalipokwisha kuondoka, Pohlmann alikuja na gundi na karatasi, akaibandika langoni. Ilikuwa hesabu yake, imepigwa mihuri mitatu. Wanawake walitoka kula chakula chao cha mchana, wakaizunguka, na Alwine akawasomea kwa sauti, maana macho yake yalikuwa mazuri.

"Wasokotaji biri wanaume: kumi na wawili. Wasio na kazi: hakuna." Akashuka kwa kidole hadi mstari wa mwisho. "Wanawake kwenye meza za viini: hakuna."

Ottilie aliwatazama mmoja mmoja, wote kumi na wawili, mikono yao ya kahawia kwa tumbaku, midomo yao imejaa mkate. "Basi nyie ni mizimu," alisema.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakacheka kwa sauti, langoni hapo hapo, mbele ya Pohlmann na gundi yake. Naye hakuweza kumshitaki hata mmoja, kwa kuwa kwenye karatasi yake hakuna aliyekuwapo. Kengele ikalia. Alwine akafuta mikono, akaingia ndani kwenda kumfungia mumewe kiini.